Siku ya Kuvunja Chungu cha Cucu

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane nilijua kwamba nitakufa siku ya Alhamisi. Sikuwa mgonjwa. Nilikula nikipewa, nilimbeba mdogo wangu Nyaga mgongoni, nilifagia nyumba, na kila jioni nilihesabu kwa vidole siku zilizobaki. Hakuna aliyeniambia nitakufa. Nilijumlisha mwenyewe maneno ya wakubwa, na hadi leo nikikumbuka napandwa na hasira, kwa sababu mtu mzima, mwenye akili zake timamu, ndiye aliyenitia katika hofu ile, kisha akaenda zake akalala usingizi wake vizuri.

Sasa nakaribia miaka themanini. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, nimezika mume, nimelea wajukuu. Watoto wangu huniambia hasira si nzuri kwa presha. Presha yangu naijua, nameza vidonge vyake asubuhi na jioni. Acheni nieleze nikiwa na hasira yangu.

Cucu ndivyo sisi Waembu tunavyomwita nyanya. Huyu wangu, mama yake baba, aliitwa Igoki, na mimi ni Igoki kwa sababu yake, kama desturi yetu inavyotaka. Aliniita "mimi mdogo". Mtu akinichapa, yeye husema amechapwa. Mtu akinipa ndizi, yeye hushukuru kwa niaba yangu, na mara nyingine huila nusu yake, akisema tumbo letu ni moja. Alikuwa mfupi, mweusi, mwenye mwanya, na alivuta ugoro mpaka pua yake ikawa na rangi yake peke yake. Kuna watu wanaopenda watoto kwa maneno. Cucu alinipenda kwa kunisogezea mguu wake wenye joto tukilala, basi.

Alikuwa na mfuko mmoja wa ngozi ya mbuzi, umelainika kwa mafuta na miaka. Mvua ikinyesha mchana na kazi ya shamba ikisimama, aliutoa, akaniweka magotini na kunipa kila kitu nikishike. Kulikuwa na bangili ya waya wa shaba ya mama yake mzazi, mwanamke wa Mwimbi kule Meru, aliyevuka mito kwa miguu kuja kuolewa Embu na hakurudi kwao tena. Kulikuwa na pembe ndogo ya ugoro ya babu, ambaye mimi sikumwona. Kulikuwa na uzi wa kauri saba, na hizi kauri ndizo alizozipenda kuliko vyote, kwa kuwa kila mtoto wa nyumba yetu alivishwa siku alipopewa jina. Baba yangu alizivaa. Mdogo wake, baba mdogo Njeru, alizivaa. Mimi nilizivaa na Nyaga pia. "Shika," angesema, "hapa wewe ulikuwa unapiga kelele kama nguruwe, na Njeru alikuwa amenyamaza, ananiangalia tu." Alicheka kila alipofika hapo.

Na kulikuwa na chungu. Hicho hakikuingia mfukoni, kilikaa kwenye kona karibu na mafiga. Wanawake wa Mbeere, kule chini kwenye joto, ndio waliokifinyanga, na mama mkwe wa Cucu alikibeba mgongoni kupanda mlima wote mpaka kwetu. Kilipika harusi na matanga. Lakini watu wetu walijua kazi nyingine ya chungu, na nisipoieleza hapa hamtaelewa chochote. Mtu akiibiwa asimjue mwizi, au akidhulumiwa asipate wa kumwamulia, huchukua chungu cha nyumba akakiinua juu, akataja lile aliloibiwa, kisha akakipiga chini kikapasuka. Kuanzia hapo mwizi naye huanza kupasuka. Ilikuwa kazi nzito, na wengi walizeeka na kufa bila kuiona ikifanywa.

Kisha ikaja Emajensi, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni. Baba alichukuliwa usiku mmoja mimi nikiwa nimelala, na nilichoonyeshwa asubuhi ni kofia yake. Baada ya miezi kadhaa tukaambiwa tuhame. Kila mtu atoke kwenye shamba lake akaishi kijijini, kilichozungushiwa handaki lililojaa vijiti vilivyochongwa, chini ya kambi ya homgadi, askari wa kwetu waliotumikia serikali. Tulipewa asubuhi moja. Cucu alifunga chungu mgongoni kwa ukanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso, akauficha mfuko chini ya nguo, akatoka. Hakugeuka. Mama na mimi tuligeuka, tukaona ghala letu likiwaka na mahindi ndani, na mmoja wa wale waliokuwa wakitia moto alikuwa baba mdogo Njeru.

Nataka mnielewe, nilimpenda sana mtu huyu. Kabla ya mambo haya alikuwa akinibeba mabegani mpaka Kianjokoma siku za soko, na akinifundisha kupiga mluzi, ingawa wasichana hawakutakiwa kupiga mluzi. Alipojiunga na homgadi alipewa mkuki na kitambaa cha mkononi, na sauti yake ikabadilika. Wenzake kambini hawakumwamini, kwa kuwa kaka yake alikuwa kizuizini. Wakubwa walisema alilichoma ghala lile ili aaminiwe. Mama aliposikia hivyo alitema mate chini.

Kijijini tulipewa kibanda kimoja, Cucu, mama, Nyaga na mimi. Cucu alitenga pembe yake kwa kizuizi cha matete, akatandika kitanda chake huko nyuma, na juu ya kitanda, kwenye boriti, akatundika mfuko. "Huu hautoki hapa bila mkono wangu," alituambia. Kila alfajiri wanawake walipigiwa firimbi wakachimbe handaki, wazee kwa vijana. Mimi nilibaki na Nyaga.

Ilikuwa Jumamosi, jua la saa sita. Baba mdogo aliinama mlangoni, akaingia, akasimama karibu na mafiga.

"Cucu yako ameniagiza mfuko," akasema.

"Amesema mwenyewe?"

"Mimi ni nani wake?"

"Mtoto wake."

"Basi nipe."

Nilimwambia uko kule nyuma, juu ya kitanda, achukue. Yeye mrefu, mimi mfupi, nilidhani ni jambo jepesi. Aliangalia kile kizuizi cha matete akarudi nyuma hatua moja. Kwetu mwanamume akishatahiriwa hasogelei kitanda cha mama yake. Hakigusi, hakikalii, hapiti upande huo wa nyumba. Baba mdogo alikuwa tayari kumwibia mama yake mzazi, lakini kuvunja mwiko huo alishindwa. Nimeishi miaka sabini nikiifikiria adabu ile, na kila nikiifikiria nasaga meno. Alikuwa na haya ya kutosha kutokanyaga pale, na hakuwa na haya ya kutosha kumwacha mtoto.

Akaingiza mkono mfukoni mwa kaptula, akatoa kipande cha sukari guru. Sikuwa nimeonja kitu kitamu tangu tuhame. Nilikiweka mdomoni, nikaburuta kigoda cha Cucu mpaka kando ya kitanda, nikapanda, nikaufungua mfuko kwenye boriti, nikampelekea. Aliuficha ndani ya koti lake. Kisha akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Hukuniona," akasema. "Ukiniona, baba yako harudi. Orodha ya wanaorudi iko kambini, na mimi niko kambini. Umesikia?"

Nilisikia. Sukari ilikuwa bado mdomoni.

Wanawake walirudi jioni wakiwa na udongo mpaka kwenye nyusi. Cucu alipita nyuma ya matete kubadilisha nguo, na hakutoka upesi. Tulimsikia akipapasa boriti. Kisha akauliza, bila kupaza sauti, "Nani alikuja hapa?"

Nilisema sijui. Nilisema nilikuwa nje na Nyaga. Mama alinishika bega akanitikisa, akaniuliza tena, nikarudia vilevile. Cucu alisema, "Muache." Akakaa kando ya moto na hakuvuta ugoro usiku ule.

Kesho yake habari zilikuwa zimeenea mstari mzima wa nyumba. Jirani yetu Marigu alikuwa mjane mwenye ulimi wa moto, na alikuja kwetu na wanawake wengine wanne, wakakaa chini. Mnaweza kudhani waliochomewa nyumba wasingejali mfuko wa mzee. Walijali. Walikuwa wameibiwa mbuzi, mahindi, waume, na hawakuwa na pa kupeleka malalamiko, kwa sababu aliyepokea malalamiko kambini ndiye aliyekuwa amekaa juu ya mbuzi wao.

"Cucu, chungu unacho," Marigu akasema. "Wengine vyetu vilipasuka njiani tukihamishwa. Wewe unacho. Unangoja nini?"

"Mimi mzee," Cucu akajibu. "Najua chungu ni nini."

"Basi kivunje kwa niaba yetu sote."

Kwa serikali kuvunja chungu na kula kiapo cha watu wa msituni kulikuwa kitu kimoja. Mtu akionekana, angepelekwa baba alikopelekwa. Cucu akasema zamu ya mstari wetu kwenda mtoni ni Alhamisi, na chungu kikienda mtoni hakuna homgadi atakayekishangaa.

Mimi nilikuwa nimekaa na Nyaga mlangoni. Marigu alinigeukia. Sidhani alikusudia ubaya, alikuwa akinifundisha tu, kama wanawake wanavyofundisha watoto. "Na wewe ujue," akasema. "Chungu hakichagui. Kinamkamata aliyeiba, kinamkamata aliyemshikia, kinamkamata aliyekula cha mwizi, hata kama ni punje."

Nilikuwa nimeshika. Nilikuwa nimekula. Ndipo nilipoanza kuhesabu siku.

Nilijitia kidole kooni nyuma ya kibanda ili nitapike sukari ya jana yake, na kilichotoka ni maji. Nilisugua mikono kwa majivu mpaka ngozi ikachubuka. Jumatatu nilianza kumpa Nyaga githeri yangu, kwa kuwa niliona hakuna haja ya kumlisha mtu anayekufa Alhamisi. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo mara kadhaa, na kila mara nikaiona ile kofia ya baba, nikaufunga. Haya ndiyo yanayonichemsha mpaka leo. Mtoto akisema, anamuua baba yake. Akinyamaza, anajiua mwenyewe. Na aliyempa mtoto hesabu hiyo alikuwa kambini anakula nyama ya mbuzi wa watu.

Cucu hakuniuliza tena. Lakini niliona akikitazama kigoda. Nilikuwa nimekisahau palepale kando ya kitanda. Jumanne alikichukua mwenyewe, akakirudisha kwenye mafiga, akakikalia, akautazama urefu wangu kuanzia kichwani mpaka miguuni. Kisha akaniambia nichochee moto.

Jumatano mchana wanawake waliruhusiwa kupumzika kwa sababu ya mvua. Baba mdogo alikuja. Hakuwa na mkuki tena, alikuwa na bunduki, na alisimama mlangoni akiwa ameishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake.

"Mama," akasema, "nasikia wanawake wanasema maneno ya chungu. Hicho ni kiapo. Kikisikika kambini mimi nitashindwa kukutetea."

Cucu alikuwa akipepeta maharagwe. Hakuacha kupepeta.

"Ingia ndani, mwanangu. Umelowa."

Akaingia hatua mbili.

"Sogea. Pita mpaka kule nyuma, kitandani, uone boriti mfuko ulipokuwa. Wewe ni mtu wa kambi, unajua kuchunguza."

Baba mdogo alitazama matete. "Siwezi kwenda huko, mama. Wajua."

"Najua," Cucu akasema. Aliweka ungo chini. "Mtu mwingine angepita tu. Mgeni angeunyakua mfuko akaondoka. Huyu aliyekuja alikiogopa kitanda changu."

Mama aliangalia chini. Mimi nilijificha nyuma ya Nyaga, mtoto wa mwaka mmoja, na nilijiona nimejificha vizuri. Baba mdogo aliurekebisha mkanda wa bunduki, akasema mvua inaongezeka, akatoka. Hakuaga.

Alhamisi ikafika. Cucu alifunga chungu mgongoni, akaninyooshea mkono. "Mimi mdogo atakuja nami," akamwambia mama. Marigu alitutazama tukipita, akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa kama anayejiandaa kuingia kanisani. Langoni homgadi aliangalia chungu na kibuyu changu, akatupungia mkono tupite. Mwingine alitufuata mpaka ukingoni, akakaa juu ya jiwe akawasha sigara.

Sisi tuliteremka mpaka kwenye kipande chetu cha zamani cha nduma, magimbi ya mtoni, kule majani yalikomzidi mtu urefu. Nilifikiri, akikipiga chini nitaanguka papo hapo, au nitasubiri mpaka nyumbani? Nilitamani iwe papo hapo, asinione mama.

Cucu alikishusha chungu. Alikishika kwa mikono yote miwili, akakiinua mpaka usawa wa kifua. Mdomo wake ulikuwa ukienda bila sauti. Nilifumba macho. Nilikaa hivyo, nikakaa, nikasikia maji tu. Nilipofumbua, chungu kilikuwa chini, kizima, na yeye alikuwa akinitazama huku machozi yakimtoka, na sikuwa nimewahi kumwona Cucu akilia, hata siku ya ghala.

"Nyoosha mikono," akasema.

Nilinyoosha. Akachota mchanga wa mtoni, akaniosha viganja, akaniosha nyuma ya mikono, akaniosha kila kidole peke yake. Kisha akachota maji kwa kiganja chake akaninywesha, akaniambia niteme. Nikatema. Akarudia tena. Hakuuliza chochote. Alipomaliza akachimba kwa kipande cha mti alichokiokota, kwenye tope laini kati ya nduma, akakilaza chungu humo, akakifunika kwa majani, kisha kwa tope.

"Hiki kikianza kazi hakijui mtoto wala mkubwa," akasema. "Wewe unyamaze. Waache wadhani wanavyodhani."

"Hata baba mdogo?" nikauliza.

Maneno yalikuwa yamenitoka. Cucu alijifuta tope kwenye sketi.

"Yeye hasa," akasema. "Siku akisema kwa mdomo wake alichofanya, mwambie chungu kiko kizima. Asiposema, usimwambie."

Langoni homgadi aliuliza chungu kimekwenda wapi. "Kimeteleza," Cucu akasema, akapita. Marigu alimwona akirudi mgongo mtupu, akajishika kichwa kwa mikono miwili. Kabla ya giza kijiji kizima kilikuwa kinajua, na kambi nayo ilikuwa inajua, ingawa hakuna aliyethubutu kusema kwa sauti.

Chungu hakikumuua baba mdogo, kwa kuwa hakikuvunjwa. Lakini yeye alidhani kimevunjwa. Alipopata homa alijua ni chungu. Ng'ombe wake alipotupa mimba alijua ni chungu. Hakula tena nyumbani kwa mama yake, hata maji hakunywa, na akipita njia ya nyumba yetu alizunguka kupitia shamba la watu. Baba alirudi baada ya miaka, amekonda, anakohoa, akakuta ardhi imepimwa na kugawanywa. Ile ya mteremko mzuri, yenye maji, ilikuwa imeandikwa jina la mdogo wake. Sisi tulipewa mawe. Baba alikufa juu ya mawe hayo.

Baadaye mzee mmoja aliyekuwa homgadi pamoja na baba mdogo alinieleza mfuko ulikokwenda. Baba mdogo aliupeleka kwa afisa mzungu akasema ameuokota msituni, kwamba ni vifaa vya mwapishaji wa watu wa msituni. Kauri saba za kuwapa watoto majina zikawa vifaa vya uasi. Kwa hizo akapewa bunduki. Afisa alipomaliza kazi yake akaenda nazo kwao. Huenda bangili ya yule mama wa Mwimbi iko juu ya rafu ya mtu huko ng'ambo, na mjukuu wake akiuliza ni nini, anaambiwa uongo uliotungwa na mtoto wa nyumba yetu. Watoto wangu watano nimewapa majina bila kauri. Msiniambie ni vitu tu.

Cucu alikufa mimi nikiwa nimeshaanza kufundisha. Kijiji cha Emajensi kilipovunjwa tulikifukua chungu, yeye na mimi, na sasa kiko kwangu, naweka mbegu za maharagwe. Baba mdogo aliishi sana. Akawa mzee wa kanisa, akakaa kiti cha mbele, akazeeka mpaka macho yakafifia. Halafu mwaka mmoja akaniita.

Nilimkuta kitandani, redio inasema peke yake. Kwa kuwa nina jina la mama yake, desturi yetu inamtaka aniite mama, na aliniita hivyo maisha yake yote, nami kila mara nilihisi ananiibia tena.

"Mama," akasema. "Kile chungu. Alikivunja?"

"Kwa nini unauliza?"

"Mtu huuliza tu."

Nilikaa. Neno moja tu lilitakiwa kutoka kwake, si hotuba. Aseme tu, "Niliuchukua mfuko." Mkwe wake akaleta chai, akatoka. Mzee alipapasa blanketi akitafuta kikombe chake, na sikumwonea huruma, naapa sikumwonea.

"Wakati ule watu walikuwa na mambo mengi," hatimaye akasema.

Nilimaliza chai yangu, nikachukua kikoi changu, nikamuaga. Alikufa wiki mbili baadaye. Matangani walimsifu mpaka nikatoka nje nikasimama na wapishi.

Kwa miaka nilijisifu kwamba nilifanya kama Cucu alivyoagiza. Masharti yalikuwa wazi, na yeye hakuyatimiza. Hasira yangu juu ya mzee yule ni ya haki, na siipunguzi hata kidogo kwa ajili ya mchungaji wala daktari. Lakini kuna jambo jingine, na limenijia uzeeni, mchana nikiwa napepeta maharagwe bila kuwaza lolote. Mimi ndiye niliyepanda kigoda. Mimi ndiye niliyeonja sukari, nikasema sijui, nikarudia sijui. Cucu alikuwa na shauri lake kamili dhidi ya mwizi mikononi, la mwisho alilobakiwa nalo, na alilizika topeni ili mimi niishi. Njeru akaponea mgongoni mwangu. Na kabla ya kuniosha mikono hakuningoja niseme.

Nilimnyima mzee neno kwa sababu hakutamka la kwake. Na mimi la kwangu nililitamka lini? Baba alikuwa amesharudi, hapakuwa na orodha tena wala wa kumwogopa. Nililala na Cucu kitanda kimoja mpaka nilipokwenda chuo, nilipika naye, nilimsuka, nilimwosha alipougua mara ya mwisho. Miaka yote ile nilikuwa nangoja aniulize.